Mguu Ulioshuka

Ukitaka kumtambua Tara wa Kijani katikati ya sanamu hamsini zilizopangwa rafuni, usihangaike na uso. Nyuso za watukufu wa Kibuddha hufanana kwa makusudi, zote zimetulia, macho nusu yamefumba. Tazama mguu wa kulia. Wenzake wamekunja miguu yote miwili na kuzama katika tafakuri. Yeye amekunja wa kushoto tu. Wa kulia ameushusha, na unyayo wake umekanyaga ua dogo la yungiyungi lililochomoza chini ya kiti. Waumini hawana maelezo marefu juu ya jambo hili. Ameshusha mguu kwa sababu wakati wowote anaweza kuitwa, na akiitwa asimame mara moja.

Mikono nayo ina maneno yake. Wa kulia umelazwa juu ya goti, kiganja kikiwa wazi kuelekea mbele, ishara ya mtu anayetoa. Wa kushoto uko kifuani, vidole vimeshika bua la yungiyungi la buluu ambalo ua lake linachanulia karibu na bega. Ana umbo la msichana wa miaka kumi na sita, taji kichwani, mikufu mitatu minne shingoni, vikuku mikononi na miguuni. Katika michoro ya kitambaa ngozi yake ni ya kijani kibichi. Katika madini rangi hiyo haiwezekani, basi dhahabu inashika nafasi yake, na mguu unabaki kuwa kitambulisho. Yuko pia Tara Mweupe, anayeombwa maisha marefu, ambaye amekunja miguu yote na ana macho saba: matatu usoni, mawili viganjani, mawili kwenye nyayo. Na ipo orodha ya Matara ishirini na mmoja, ambayo sitaipitia hapa.

Kumwita mungu ni kurahisisha. Kwa Wabuddha wa Nepal, Tibet na Mongolia yeye ni bodhisatva, kiumbe aliyefika ukingoni mwa ukombozi akaamua kubaki ili avushe wengine, na wapo wanaosema ni Buddha kamili. Hadithi moja inasema alizaliwa na chozi. Avalokiteshvara, bodhisatva wa huruma, aliitazama dunia akaona kwamba kila anapomwokoa mmoja, mateso yanameza wengine. Akalia. Chozi lake likawa ziwa, ziwani likaota yungiyungi, na ua lilipochanua akatoka Tara kumwambia asilie, atamsaidia.

Hadithi ya pili naipenda zaidi, kwa kuwa ina ukali ndani yake. Taranatha, mwanachuoni wa Tibet aliyeandika historia ya Tara mwanzoni mwa karne ya 17, anamtaja binti mfalme wa zama za kale sana, ambaye Watibet humwita Yeshe Dawa. Alikuwa amejaa ibada na maarifa kiasi kwamba watawa walimshauri aombe azaliwe tena mwanamume, apate kufika mbali zaidi. Binti akawajibu kwamba huo uanaume na uanauke wanaoushika ni majina tu yanayowapumbaza wenye akili finyu. Kisha akaongeza: wanaotafuta ukombozi katika mwili wa kiume ni wengi, katika mwili wa kike ni wachache, kwa hiyo yeye atafanya kazi hii akiwa mwanamke, mpaka asibaki hata kiumbe mmoja katika mateso. Mfinyanzi wa nta anayeumba kifua, kiuno na nyonga za Tara anakiumba kiapo hicho.

Anaokoa watu na hofu nane: simba, tembo, moto, nyoka, wezi, mafuriko, minyororo ya kifungo na mapepo. Wanachuoni wameipa kila moja maana ya ndani, simba akawa kiburi, moto hasira, nyoka wivu. Ni sawa. Lakini mfanyabiashara wa zamani aliyekuwa akivuka pori na mifuko ya fedha alipomwomba Tara juu ya wezi, alikuwa na wezi hasa akilini, wenye mapanga.

Maji vilevile hayakuwa mafumbo. Katika karne ya 8 Ubuddha ulisafiri kwa vyombo vya bahari kama ulivyosafiri kwa miguu, na Tara alishika njia za wafanyabiashara. Kisiwani Java kuna maandishi ya jiwe ya mwaka 778 yanayoeleza kujengwa kwa hekalu lake. Hekalu la Kalasan limesimama hadi leo karibu na Yogyakarta, ingawa kiti cha sanamu kuu ni kitupu. Bahari ni hii hii yetu, na pepo ni zile zile za msimu. Katika karne hiyohiyo, kule Shanga katika visiwa vya Lamu, watu walikuwa wakiswali katika msikiti mdogo ambao mabaki yake yamechimbuliwa. Sidai kwamba Tara alifika Lamu. Nasema tu kwamba nahodha wa siku hizo, awe anamwomba nani, alikuwa akiogopa wimbi moja.

Tara maarufu kuliko wote wa bahari yuko London. Ni wa Sri Lanka, kisiwa ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la Sarandibu, na wataalamu humpa umri wa karne ya 8 hivi. Ana kimo cha sentimita 143, amesimama, ni bronzi iliyopakwa dhahabu, imemiminwa nzima bila uwazi ndani, matumizi ya madini ambayo ni tajiri tu angeweza kuyagharimia. Alipatikana pwani ya mashariki, kati ya Trincomalee na Batticaloa. Akaangukia mikononi mwa Robert Brownrigg, gavana Mwingereza aliyetawala kuanzia 1812 hadi 1820, yule yule ambaye majeshi yake yaliumaliza ufalme wa Kandy mwaka 1815. Mwaka 1830 akaingia British Museum. Huko walipomtazama wakaona kiuno chembamba, kifua wazi na kanga ya chini iliyobana nyonga, wakamweka stoo. Alikaa humo miaka thelathini hivi, akitazamwa na wasomi tu. Aliyeshusha mkono wa kutoa akafichwa kama kitu cha aibu. Juu ya paji la uso, katika taji lake, kuna tundu ambamo yaelekea kilikaa kito kikubwa. Kito hakipo.

Sanamu za namna ile, nzito kwa madini mpaka ndani, si za kawaida tena. Tara wa leo anatengenezwa akiwa na uwazi tumboni, na uwazi huo una kazi yake, kama tutakavyoona. Mji wa kazi hiyo ni Patan, au Lalitpur, ng'ambo ya mto Bagmati ukitoka Kathmandu.

Patan ni mji wa Wanewar, na nyumba zao nyingi zinazunguka nyua ziitwazo bahal, ambazo zamani zilikuwa makao ya watawa. Watawa walioa, wakazaa, wakabaki. Koo za Shakya, zinazojinasibu na ukoo wa Buddha mwenyewe, zimekaa katika nyua hizo kwa karne nyingi. Kijana wa kiume bado hunyolewa na kuvikwa mavazi ya utawa kwa siku chache, kisha anarudi nyumbani, pengine kwenye tindo ya baba yake. Sehemu za karibu na Oku Bahal zinasikika kabla hazijaonekana, kwa mlio wa nyundo ndogo juu ya shaba. Sifa ya mji huu ni ya siku nyingi. Mwaka 1260 lilipohitajika hekalu la dhahabu huko Tibet, mafundi themanini walitoka bonde la Kathmandu wakiongozwa na Arniko, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka ishirini. Kazi ilipokwisha alipelekwa kwa Kublai Khan, akafia China akiwa mtu mkubwa wa serikali. Stupa nyeupe aliyoijenga bado iko Beijing.

Sanamu moja ya Tara haitoki katika mkono mmoja. Inahama nyumba hadi nyumba, kwa kuwa kuna mtu wa nta, mtu wa udongo, mtu wa tanuri, mtu wa tindo, mtu wa dhahabu na mtu wa uso. Mtu wa nta ndiye wa kwanza. Nta ya nyuki huchemshwa pamoja na utomvu wa miti ili isiwe laini mno wala kavu mno, na fundi hukaa kati ya jiko la makaa na bakuli la maji baridi, akiilainisha huku na kuigandisha huku. Vipimo havitoki kichwani mwake. Vimeandikwa: urefu wa uso ndio kipimo mama, na mwili wote, kutoka utosi hadi kisigino, unahesabiwa kwa nyuso na vidole. Ndiyo maana Tara wa fundi huyu na wa jirani yake watafanana kwa umbo, ilhali mwenye jicho ataona nani alikuwa na mkono mwepesi kwenye mkunjo wa kiganja.

Kisha udongo. Tabaka la kwanza ni uji laini wa udongo na samadi ya ng'ombe, unaopakwa ili uingie katika kila mstari wa mkufu. Likikauka, tabaka jingine, na jingine, na mwisho udongo mzito uliochanganywa na makapi ya mpunga. Hapa hakuna wa kukimbizana naye. Udongo uliokauka nje ukabaki na unyevu ndani utapasuka kwenye moto, na masika ya Nepal yanaweza kumweka fundi wiki nyingi akisubiri. Kalibu ikiwa tayari hupashwa moto mpaka nta yote itiririke nje, na penye msichana wa nta pakabaki nafasi yenye umbo lake. Shaba huyeyuka kwa nyuzi joto 1085. Humiminwa kwa mfululizo mmoja usiokatika, kalibu ikapoa, ikavunjwa kwa nyundo. Haitumiki tena. Kama povu la hewa limekula kidole, kitaungwa kwa shaba mpya. Kama limekula uso, kazi inarudi kwa mtu wa nta.

Liko jambo katika hatua hii ambalo mtazamaji wa kawaida halioni. Mafundi wa Patan tangu kale wamependa shaba nyekundu iliyokaribia kuwa safi, badala ya bronzi. Kwa mmiminaji huo ni uchaguzi mgumu: shaba safi ni nzito kutiririka, inavuta hewa, inajaza kalibu shingo upande. Bronzi ingemrahisishia. Lakini shaba iliyochanganywa na bati nyingi, na hasa risasi, haikubaliani na dhahabu inayoshikizwa kwa moto, itatoa madoa. Kwa hiyo mtu wa tanuri anabeba ugumu wa kazi ambayo haitafanywa na yeye, ambayo itafanyika miezi kadhaa baadaye katika nyumba nyingine.

Baina ya mtu wa tanuri na mtu wa dhahabu yuko mtu wa tindo, na yeye ndiye anayekaa na sanamu muda mrefu kuliko wote. Shaba inatoka kwenye kalibu ikiwa na magamba na makovu. Anaikwangua, anaisugua, anachonga upya kila ushanga wa mkufu na kila ua la nguo kwa tindo ambazo nyingine ncha zake ni nyembamba kama sindano. Wanunuzi wengi hulipa bei kubwa wakidhani wanalipia dhahabu. Kwa maoni yangu, wanalipia zaidi mgongo wa mtu huyu.

Sasa dhahabu. Msomaji wa Geita au Chunya atakaa sawa hapa, maana kemia yake anaijua. Mchimbaji mdogo anaposaga mawe kwenye karasha na kuupitisha mchanga mwaloni, anamwagia zebaki. Zebaki inazibana chembe za dhahabu, zinakuwa donge la rangi ya fedha. Donge linachomwa, zebaki inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Fundi wa Patan anafuata njia hiyo hiyo akiwa na nia tofauti. Dhahabu safi, iliyofuliwa nyembamba na kukatwakatwa, inasagwa pamoja na zebaki mpaka iwe kama siagi. Shaba inasafishwa kwa asidi, kisha siagi hiyo inapakwa kwa brashi juu ya mwili wote wa Tara, kila kona na kila mkunjo. Wakati huo hana dalili yoyote ya dhahabu. Ni wa kijivu, kama aliyemwagiwa risasi. Ndipo moto unapoelekezwa juu yake. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 tu, chini sana ya kiwango cha kuyeyusha dhahabu au shaba. Inaondoka kama mvuke, na umanjano hafifu, uliofifia, unatokea pole pole pale moto ulipopita. Fundi anapaka tena, anachoma tena. Mwishowe anasugua kwa jiwe la akiki lililolainishwa, na hapo ndipo mng'ao unapotoka.

Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele, lakini limeshikamana na shaba kiasi kwamba halibanduki. Sanamu zilizofukiwa ardhini karne kadhaa zimetoka na dhahabu yake. Rangi yake ina joto na kina ambacho dhahabu ya umeme, ile ya kuchovya kwenye beseni lenye waya, haijaweza kukifikia, na nyumba za watawa zinazoagiza sanamu zinaujua utofauti huo kwa kutazama tu.

Na mvuke je? Unaingia mapafuni mwa aliye karibu. Zebaki ikiingia kwa njia ya pumzi hukaa katika ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi unapotea, kumbukumbu inalegea. Katika kazi ya fundi wa vitu vidogo hakuna ugonjwa wenye dhihaka kuliko mtetemeko wa mikono. Hatari hii haikugunduliwa jana. Huko Paris, ambako saa na vinara vya kifalme vilipakwa dhahabu kwa njia hii hii, tajiri wa bidhaa za bronzi aitwaye Antoine-André Ravrio alikuwa amewaona wafanyakazi wake wakiharibika. Alipofariki mwaka 1814, wosia wake ulitenga faranga 3,000 za kumzawadia atakayebuni njia ya kuwakinga wapakaji. Mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet ndiye aliyezichukua, kwa tanuri lenye dohani ya kuvuta mvuke juu. Dohani nzuri, madirisha, feni, barakoa zinazofaa: dawa yake inajulikana kwa zaidi ya miaka 200, na si ghali ukilinganisha na bei ya sanamu moja kubwa. Patan wako wanaozitumia na wako wanaofunga kitambaa puani wakaendelea, kama wako wa hivyo kandokando ya Ziwa Viktoria. Mnunuzi anayeuliza dhahabu ni ya karati ngapi angeweza pia kuuliza ilichomewa wapi. Sijaona kitabu cha wanunuzi kinachomfundisha swali hilo.

Uso hauachiwi moto peke yake. Baada ya mng'ao kukamilika, mtu wa mwisho huchanganya unga wa dhahabu na gundi, ndiyo dhahabu baridi, akaupaka usoni, na ngozi ikawa laini isiyong'aa, tofauti na mwili. Juu yake anachora nyusi, midomo, nywele za buluu, na mwisho macho. Hii ni desturi iliyopendwa sana na Watibet. Ukiona Tara ambaye mwili wake unarudisha mwanga na uso wake unaunyonya, ujue amefanyiwa hivyo.

Bado, kwa muumini, huyo ni shaba tu. Ule uwazi wa ndani lazima ujazwe. Katikati husimamishwa kijiti, mara nyingi cha msandali au mreteni, kilichopakwa rangi nyekundu, nacho ndicho uti wa mgongo wa sanamu. Kandokando yake husokotwa karatasi ndogo zenye maombi, zilizokunjwa na kufungwa ngumu, pamoja na nafaka, ubani, na kama mwenye sanamu amejaaliwa, kipande cha nguo au mabaki ya mwalimu mtakatifu. Chini hufungwa kwa bamba la shaba lililochorwa alama ya vajra, fimbo ya radi ya ibada, mbili zilizopishana. Kuhani anasoma, macho yanafunguliwa kwa ibada, na kuanzia saa hiyo anayesujudu hasujudii madini.

Wezi nao wanaijua siri ya bamba. Sanamu nyingi za Himalaya zilizo Ulaya na Marekani zimeng'olewa kitako, zikatafutwa vito na dhahabu, yale maombi yakatupwa. Wizi katika bonde la Kathmandu ulitisha hasa miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 1989 msanii na mwanahistoria Lain Singh Bangdel alichapisha kitabu cha picha za miungu iliyoibwa, alizokuwa amezipiga kabla haijaondoka, na kitabu hicho kikawa ushahidi. Sheria ya Nepal inakataza kutoa nchini kitu cha sanaa chenye zaidi ya miaka 100, hivyo Tara mpya anayesafirishwa hupitia Idara ya Mambo ya Kale kuthibitishwa kwamba si wa zamani. Kwa mkusanyaji wa vitu vya kale, muhuri ule ni kama dosari, na wapo wauzaji wanaowalipa watu kuwazeesha Tara wapya kwa moshi na asidi.

Watu wa Patan wenyewe hawaoni hivyo. Mwaka 1984 sanamu ya jiwe ya Lakshmi-Narayana iliibwa katika mtaa wa Patko, ikaja kuonekana katika makumbusho ya sanaa ya Dallas, ikarudishwa Nepal mwaka 2021. Katika miaka hiyo wakazi walichonga nyingine, wakaiweka mahali pale pale, wakaipaka unga mwekundu na kuimwagia maua kila asubuhi. Haikuwa sanamu ya kushikia nafasi. Ilikuwa imewekwa wakfu, basi ilikuwa mungu. Waliidai ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa yao na iliibwa.

Wateja wakubwa wa mafundi wa Tara leo ni nyumba za watawa za Kitibet, nyingine zikiwa India na Bhutan, nyingine mbali zaidi, zilizotapakaa tangu Watibet walipoanza kuikimbia nchi yao kwa wingi mwaka 1959. Hawatafuti ukale. Wanataka vipimo visivyokosewa, dhahabu ya moto, uso wa dhahabu baridi. Na kitako wanakitaka wazi, bamba likiwa pembeni, kwa sababu kumjaza ni kazi yao.